Kutabiri Wateule wa Tuzo za Filamu: Historia Inayosomwa kutoka Singida

Ubashiri wa wateule wa tuzo kubwa za filamu, yaani kazi ya kutaja mapema majina ya filamu, waongozaji na waigizaji watakaoingia katika orodha ya mwisho ya wanaowania tuzo kabla orodha hiyo haijatangazwa, hudhaniwa na wengi kuwa tawi la uhakiki wa sanaa, kana kwamba mbashiri ni mtu mwenye jicho la kutofautisha filamu nzuri na mbaya kuliko wenzake. Historia ya kazi hiyo inaonyesha vingine. Mbashiri anayepatia husoma watu wanaochagua, kanuni zinazowafunga, na milango ambayo filamu hulazimika kuipita mmoja baada ya mwingine kabla ya kufika mbele yao. Uzuri wa filamu huja baadaye, na mara nyingine hauji kabisa. Jambo hili huonekana waziwazi zaidi historia hiyo inapotazamwa kutoka mahali palipo mbali na meza ya uteuzi, na katika Tanzania ni mikoa michache iliyo mbali na meza hiyo kuliko Singida, mkoa wa uwanda wa kati ambao jina lake husikika katika habari za alizeti, vitunguu, kuku wa kienyeji na, miaka ya karibuni, kandanda ya Ligi Kuu.

Singida yenyewe si ngeni kwa utabiri uliokuwa taasisi yenye viongozi, ratiba na masharti. Katika nchi ya Wanyisanzu, ambayo leo imo katika Wilaya ya Mkalama iliyomegwa kutoka Iramba, mamlaka ya mvua yalikuwa mikononi mwa ukoo wa Anyampanda wa Kirumi, na yalishikwa na viongozi wawili kwa pamoja, mwanamume na mwanamke, kwa imani kwamba mvua, kama uzazi, haitokani na upande mmoja. Utawala wa Kiingereza uliwatambua viongozi hao kama machifu, na serikali ya Tanganyika huru ikaufuta uchifu mwanzoni mwa miaka ya 1960, lakini matambiko ya mvua ya Kirumi yaliendelea, na wanaanthropolojia waliyakuta yakiwa hai katika miaka ya 1990. Kinachohusu mada hii ni dhamana iliyofungamana na utabiri: aliyeulizwa kama mvua itanyesha ndiye huyohuyo aliyetakiwa kuhakikisha kwamba inanyesha, na msimu ulipokauka jamii ilitafuta kwa bidii ni nani aliyeiharibu. Mbashiri wa tuzo hana mzigo wa namna hiyo, kwa kuwa akikosea Januari huanza orodha mpya ya mwaka unaofuata bila kuulizwa. Hata hivyo naye si mtazamaji mtupu, kwa sababu mpiga kura mwenye filamu mia za kutazama na wiki chache za kuzitazama huanza na zile ambazo wabashiri wamezitaja, na hivyo utabiri huchangia kuleta kile ulichokitabiri.

Kazi ya kubashiri tuzo za filamu ilizaliwa pamoja na usiri. Akademia ya Sanaa na Sayansi za Filamu ya Marekani, chama cha watu wa fani ya filamu kinachotoa tuzo maarufu kwa jina la Oscar, ilifanya hafla yake ya kwanza tarehe 16 Mei 1929, na washindi wa mwaka huo walikuwa wamekwisha kutangazwa tangu Februari, kiasi kwamba hafla ilikuwa chakula cha jioni tu na hapakuwa na cha kubashiri. Katika miaka iliyofuata magazeti yalipewa majina mapema kwa sharti la kutoyachapisha kabla ya usiku wa hafla, mpaka mwaka 1940 gazeti la Los Angeles Times lilipoyatoa katika toleo la jioni, na wageni wakaingia ukumbini wakijua nani kashinda. Mwaka 1941 Akademia ikaanzisha bahasha zilizofungwa, zikitunzwa na kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya Price Waterhouse, ambayo ilikuwa imekabidhiwa hesabu ya kura tangu katikati ya miaka ya 1930. Tangu hapo siri ikawa na thamani, na kila siri yenye thamani huzaa watu wanaoishi kwa kuikisia.

Mbashiri makini hugawanya kazi yake sehemu mbili, kwani kumtabiri mshindi na kuwatabiri wateule ni fani tofauti. Mshindi huchaguliwa na wanachama wote wa Akademia, ambao sasa wamezidi 10,000, ilhali wateule wa fani nyingi huchaguliwa na tawi la fani husika peke yake: waigizaji huwateua waigizaji, waongozaji huwateua waongozaji, na watengenezaji wa filamu za makala, yaani filamu zinazosimulia mambo halisi, huteua filamu za makala. Kwa kawaida kura ya uteuzi hupigwa kwa kupanga majina kwa mpangilio wa upendeleo. Filamu ikifikisha kiwango kinachotakiwa, ambacho kwa nafasi tano ni zaidi kidogo ya moja ya sita ya kura zote, huingia moja kwa moja, na zile zenye kura chache zaidi za kwanza huondolewa huku kura zao zikihamishiwa kwa chaguo linalofuata. Matokeo ya utaratibu huu ni kwamba filamu inayopendwa mno na wachache huishinda nyingine inayokubalika kiasi kwa wengi, na ndiyo maana mbashiri mzoefu haulizi ni wangapi waliofurahishwa na filamu, huuliza ni wangapi watakaoiandika namba moja. Kwa sababu hiyohiyo tuzo za vyama vya wafanyakazi wa filamu, kama kile cha waongozaji na kile cha waigizaji, humsaidia mbashiri kuliko tuzo za waandishi wa habari, maana wanachama wa vyama hivyo ndio baadhi ya wapiga kura wa Akademia wenyewe, wakati waandishi waliokuwa wakitoa tuzo za Golden Globe kwa miongo mingi walikuwa kundi dogo lisilokuwa na kura hata moja huko.

Tanganyika iliingia katika historia hii kwa mlango mwingine, ambao haukuhusu tuzo ila ulihusu utabiri. Kati ya mwaka 1935 na 1937, katika kijiji cha Vugiri kwenye milima ya Usambara, uliendeshwa mradi wa majaribio ya filamu za kuelimisha Waafrika, ukiongozwa na Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia shamba la mkonge, na Geoffrey Latham, aliyekuwa ofisa wa elimu katika Rhodesia ya Kaskazini, kwa fedha ambazo sehemu kubwa ilitoka katika shirika la Carnegie la Marekani. Gari lenye mashine ya kuonyeshea filamu lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, likionyesha picha za ufugaji, kilimo na afya zenye maelezo katika lugha mbalimbali za Kiafrika, na waendeshaji wakiandika jinsi watazamaji walivyopokea kila filamu. Kutoka katika majaribio ya aina hiyo, na katika kazi ya William Sellers aliyeanza nchini Nigeria na baadaye kuendesha Kitengo cha Filamu cha Makoloni kilichoundwa mwaka 1939, ilijengeka nadharia rasmi kuhusu ladha ya mtazamaji wa Kiafrika: kwamba filamu iende polepole, isiruke kutoka mahali hadi mahali, isitumie ufundi wa kurudisha nyuma wakati, na isimchanganye mtazamaji kwa mambo mengi.

Huo ulikuwa utabiri mkubwa wa kwanza wa kifilamu katika eneo hili, na ulikosea vibaya. Kumbi za sinema za miji ya Tanganyika na Zanzibar, nyingi zikimilikiwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, zilijazwa na filamu za Bombay zenye urefu wa saa tatu, zilizojaa nyimbo, machozi, visa vya pembeni na kumbukumbu za utotoni, yaani kila kitu ambacho nadharia ya Sellers ilikikataza. Awaara ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957 zilipendwa na watu ambao hawakujua neno la Kihindi, na Mother India iliteuliwa mwaka 1958 kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, jambo linalomaanisha kwamba mtazamaji wa kawaida wa Dar es Salaam au Zanzibar aliyeililia filamu hiyo alikuwa amefikia chaguo lilelile la wateuzi wa Hollywood bila kushauriwa na yeyote. Wakoloni walikosea kwa sababu walitabiri kutokana na picha waliyokuwa nayo ya mtu mwenyewe, pasipo kuangalia alikuwa akilipia tiketi ya nini.

Serikali ilikuwa na filamu zake pia. Katika miaka ya 1950 kampuni ya Afrika Kusini ilishirikiana na serikali ya Tanganyika kutengeneza filamu fupi za Kiswahili, na mwigizaji wake mkuu alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, aliyeonekana katika Muhogo Mchungu na nyinginezo kabla ya kuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi na, mwaka 1962, Waziri Mkuu. Baada ya Uhuru magari ya sinema ya serikali yaliendelea kwenda mikoani, ambako shuka jeupe lilitundikwa uwanjani na filamu kuonyeshwa bure, na mwaka 1968 likaundwa Shirika la Filamu Tanzania, lililopewa baadaye jukumu la kuingiza na kusambaza filamu nchini. Kwa mtu wa mikoa ya ndani, filamu katika kipindi hicho ilikuwa kitu kinacholetwa, na uchaguzi wa nini kiletwe haukumhusu.

Wakati huohuo nchi yenyewe ilikuwa imeanza kuonekana katika orodha za wateule, ingawa kwa majina ya watu wengine. Mwaka 1960 filamu ya makala ya Mjerumani Bernhard Grzimek kuhusu Serengeti, iliyotengenezwa pamoja na mwanawe Michael aliyefariki katika ajali ya ndege Januari 1959 kazi ikiendelea, ilitwaa Oscar. Mwaka huo wateule wa kundi hilo walikuwa wawili tu, hivyo hata mbashiri asiyejua chochote angepatia nusu kwa nusu. Mwaka 1963 Hatari!, iliyopigwa picha kaskazini mwa Tanganyika karibu na Arusha, iliteuliwa kwa upigaji picha wa rangi, ikashindwa na Lawrence of Arabia. Hata lugha iliteuliwa kabla ya wenye lugha: mwaka 1995 wimbo wenye jina la Kiswahili, Hakuna Matata wa filamu ya katuni The Lion King, ulikuwa miongoni mwa nyimbo tatu za filamu hiyo zilizowania Oscar.

Filamu mbili za karne hii zinaonyesha jinsi tawi la filamu za makala linavyowasumbua wabashiri. Ya kwanza ni Darwin's Nightmare ya Mwaustria Hubert Sauper, iliyotengenezwa Mwanza kuhusu biashara ya sangara, ikateuliwa kuwania Oscar mwaka 2006 na kushindwa na filamu ya Kifaransa kuhusu ndege wa barafuni. Uteuzi huo, ambao Ulaya ulionekana kuwa heshima, ulipokewa nyumbani kama tusi: Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani mwaka huohuo, na maandamano ya kuipinga yakafanyika Mwanza. Ya pili ni Jane ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Mmarekani Brett Morgen kwa kutumia picha ambazo Hugo van Lawick alizipiga Gombe, mkoani Kigoma, katika miaka ya 1960, zikakaa ghalani kwa miongo kadhaa. Filamu hiyo ilikusanya tuzo nyingi za utangulizi, ikaingia katika mchujo wa filamu 15, na wabashiri karibu wote wakaiweka juu ya orodha zao. Januari 2018 majina matano yalipotangazwa haikuwemo. Waliokosea walikuwa wamehesabu tuzo bila kuwahesabu wachaguzi, maana wateuzi wa kundi hilo ni watengenezaji wenyewe wa filamu za makala, na kwa miaka mingi wamekuwa na tabia ya kuiacha nje filamu iliyokwisha kupendwa na kila mtu, hasa iliyojengwa kwa picha za kale za mtu mwingine.

Singida haimo hata katika orodha hiyo ya mandhari. Serengeti, Arusha, Mwanza na Gombe zina wanyama mashuhuri, ziwa au mlima, vitu ambavyo mtengenezaji wa filamu wa kigeni huvijua kabla hajapanda ndege, ilhali miamba ya Singida na maziwa yake ya magadi ya Singidani na Kindai havikuwahi kumwita. Sehemu pekee ya mkoa inayogusana na utamaduni huo wa filamu ni nchi ya Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji inayoishi kulizunguka Ziwa Eyasi na ambayo baadhi yake wako Munguli, wilayani Mkalama. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeanza utafiti wake miongoni mwao mwishoni mwa miaka ya 1950, alishiriki kutengeneza filamu kuhusu maisha yao iliyotoka mwaka 1966, na wengi wamewafuata Wahadzabe kwa kamera tangu wakati huo, wakiwaonyesha kama mabaki ya ulimwengu wa kale. Inafaa kusemwa kwamba mtindo huo wa kuwaonyesha ni wa kuchosha, na kwamba umeendelea kwa sababu watengenezaji wamebashiri, tena kwa usahihi, kwamba ndicho wateuzi na wanunuzi wa nje wanachotaka kukiona.

Mlango wa pili, ule wa nchi kupeleka filamu yake yenyewe, ulifunguliwa mwaka 2001. Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, iliyoanza kushindaniwa rasmi katika hafla ya mwaka 1957 na kubadilishwa jina mwaka 2019 kuwa tuzo ya filamu ya kimataifa, kwa miaka mingi ilikuwa na kanuni iliyoitofautisha na nyingine zote: filamu haikujipeleka. Kila nchi ilipeleka filamu moja tu, iliyochaguliwa na kamati yenye watu wa fani ya filamu wa nchi hiyo. Tanzania kwa mara ya kwanza ilipeleka Maangamizi, filamu ya Martin Mhando na Ron Mulvihill kuhusu daktari Mmarekani mwenye asili ya Afrika na mgonjwa wake wa akili Samehe, aliyeigizwa na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuhusu roho ya wahenga inayowaunganisha. Haikuteuliwa, lakini shindano la msimu huo lina funzo kwa yeyote anayetaka kuielewa kazi ya kubashiri. Miongoni mwa wateule watano ilikuwemo Amélie ya Ufaransa, iliyokuwa imeuza tiketi nyingi duniani na ambayo wabashiri waliipa ushindi mapema, na Lagaan ya India, ambayo mashabiki wa filamu za Kihindi waliitarajia. Ikashinda No Man's Land ya Bosnia. Sababu mojawapo ni kwamba wakati huo waliruhusiwa kupiga kura wale tu waliothibitisha kuwa wamezitazama filamu zote tano ukumbini, na sharti hilo liliufuta uzito wa umaarufu, kwa kuwa aliyezitazama zote aliziona zikiwa sawa mbele yake.

Uteuzi wenyewe ulikuwa mikononi mwa wanachama wa kujitolea wa Los Angeles, wengi wao wenye umri mkubwa na muda wa kutosha kuhudhuria maonyesho. Mwaka 2008 kundi hilo liliiacha nje ya mchujo filamu ya Romania, 4 Months, 3 Weeks and 2 Days, iliyokuwa imetwaa tuzo kuu ya Cannes, na lawama zilizofuata zikaifanya Akademia ibadilishe utaratibu, ikaunda kamati ndogo yenye uwezo wa kuongeza filamu tatu katika mchujo juu ya zile zilizochaguliwa na wengi. Kwa mbashiri mabadiliko hayo yalikuwa makubwa, maana kuanzia hapo ilimbidi akisie ladha za makundi mawili yasiyofanana: nani atapendwa na wazee wa maonyesho ya jioni, na nani ataokolewa na kamati.

Kabla ya Hollywood kuna mlango wa nyumbani, ambao wabashiri wa nje huusahau, na mfano wake bora ulitokea Kenya. Mwaka 2018 Rafiki ya Wanuri Kahiu ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuingia katika tamasha la Cannes, na mtu anayehesabu sifa za kimataifa peke yake angeiweka mbele ya filamu zote za Afrika Mashariki za mwaka huo. Ilikuwa imepigwa marufuku na bodi ya filamu ya Kenya kwa kusimulia mapenzi ya wasichana wawili, na kwa kuwa kanuni ya Akademia wakati huo ilidai filamu ionyeshwe hadharani nchini mwake kwa siku saba mfululizo katika ukumbi wa kibiashara, Mahakama Kuu iliiondolea marufuku kwa siku saba mwezi Septemba ili ipate sifa ya kupelekwa. Watu walijaa ukumbini Nairobi, sharti likatimizwa, kisha kamati ya Kenya ikachagua filamu nyingine, Supa Modo ya Likarion Wainaina, kisa cha mtoto mgonjwa anayetamani kuwa shujaa. Aliyekosea katika kubashiri hapo alikosea hatua ya kwanza kabisa, kabla hata mpiga kura mmoja wa Marekani hajaketi.

Tanzania ilirudi katika shindano hilo mwaka 2022, takriban miaka ishirini baada ya Maangamizi, kwa Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi kuhusu mapenzi na siasa za Zanzibar katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na iliyokuwa imeonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Filamu zaidi ya 90 zilipelekwa na nchi mbalimbali msimu huo, mchujo ulibakiza 15, na kutoka Afrika ikabaki ile ya Morocco peke yake. Mbashiri asiye na huruma angeliona hilo mapema: miongoni mwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara ni chache mno zilizowahi kuteuliwa katika kundi hilo, na mbili zilizotwaa tuzo yenyewe, Ivory Coast katika hafla ya 1977 na Afrika Kusini katika ile ya 2006, zilifanya hivyo kwa filamu za waongozaji Mfaransa na Mwafrika Kusini mweupe. Baada ya tamasha kubwa, anachokiangalia mbashiri ni kama filamu imepata msambazaji wa Marekani atakayelipia maonyesho ya wapiga kura na matangazo, kwa sababu filamu ambayo haijatazamwa haipigiwi kura, hata iwe bora namna gani.

Wakati milango hiyo ikifunguka na kufungwa mbali, watu wa Singida walikuwa wakitazama filamu kwa njia nyingine. Tangu kanda za video zilipoenea, na zaidi baada ya CD kuzishusha bei, sinema ya miji midogo ilihamia katika vibanda umiza, yaani mabanda ya kuonyeshea video yenye mabenchi, runinga na kiingilio cha sarafu, ambamo filamu za Kichina, za Kihindi na za Marekani zilisimuliwa kwa Kiswahili na watafsiri kama Lufufu, aliyejulikana nchi nzima kwa sauti yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaja filamu za Kiswahili zenyewe, ambazo watu walikuja kuziita Bongo Movie, zikisambazwa kutoka Kariakoo, Dar es Salaam. Mwenye kibanda, aliyeandika kwa chaki ubaoni filamu za jioni hiyo, alikuwa mbashiri wa kila siku: akikosea ladha ya wateja alipoteza kiingilio cha usiku huo, jambo linalomfanya, kwa uwajibikaji, awe karibu zaidi na Kirumi kuliko na wabashiri wa Hollywood.

Tuzo zilizomgusa mtazamaji huyo ni zile za Afrika, na ubashiri wake una hesabu tofauti. Tuzo za Africa Magic, zilizoanza kutolewa Lagos mwaka 2013, zina makundi yanayoamuliwa na majaji na mengine yanayoamuliwa kwa kura za watazamaji, na mwaka 2016 Watanzania walirudi nazo mbili: Elizabeth Michael, anayejulikana kama Lulu, kwa Mapenzi ya Mungu iliyotangazwa filamu bora ya Afrika Mashariki, na Single Mtambalike, maarufu kwa jina la Richie, kwa Kitendawili katika kundi la filamu za Kiswahili. Panapoamua kura za watazamaji mbashiri hana haja ya kujua ladha. Anahitaji kujua idadi ya wafuasi wa msanii, bei ya kupiga kura, na kama wenye simu wa Singida au Kahama watahimizwa siku ya mwisho. Tamasha la Filamu Tanzania la Bodi ya Filamu, lililotoa tuzo Mbeya mwaka 2021 na Arusha mwaka 2022, limezileta hafla hizo nje ya Dar es Salaam, lakini halijazaa bado desturi ya kubashiri wateule, pengine kwa kuwa hakuna mlolongo wa tuzo ndogo zinazolitangulia na kumpa mtu cha kusoma. Kijana wa Singida anayejaza mkeka wa kubashiri mechi za wikiendi ana matokeo ya misimu kadhaa ya kuyapima. Kwa tuzo za filamu za nchini hana.

Upungufu huohuo ndio unaozikwamisha mbinu za takwimu. Tangu miaka ya 2000 wataalamu wa hesabu wamejaribu kuipima Oscar kwa kulinganisha tuzo za utangulizi, idadi ya uteuzi na historia ya kila msanii, na wamepatia mara nyingi katika tuzo kubwa, ingawa hata mtakwimu mashuhuri Nate Silver alikosea mbili kati ya sita alizozitabiri mwaka 2009, alipowapa ushindi waigizaji Mickey Rourke na Taraji P. Henson. Mwaka 2014 hesabu ziligawanyika juu ya mwigizaji Lupita Nyong'o wa Kenya, kwa sababu Golden Globe na tuzo ya Uingereza zilikwenda kwa Jennifer Lawrence ilhali chama cha waigizaji kilimchagua Lupita; waliokiamini chama, kwa kuwa wanachama wake wana kura, walipatia. Kwa Tanzania hakuna hesabu ya namna hiyo, maana filamu mbili zilizopelekwa kwa miongo miwili hazitoshi kuonyesha mwelekeo wowote, na mtu anayetaka kubashiri hatima ya filamu ya tatu hulazimika kurudi katika kanuni zenyewe. Ya kwanza atakayoikuta ni ile ya siku saba. Kumbi za sinema za kibiashara nchini zimebaki katika miji michache mikubwa, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza, kwa hiyo filamu iliyojaza vibanda vya Singida mjini, Manyoni na Kiomboi kwa mwezi mzima haina sifa ya kufikishwa mbele ya kamati ikiwa haikuwahi kuonyeshwa katika ukumbi unaotambulika, ilhali iliyokaa juma moja katika ukumbi mmoja wa Dar es Salaam, hata kama viti vingi vilikuwa vitupu, inayo.